Maswali ya Wasomaji: Redio Mpya Katika Pikapu ya Zamani

Barua zilizofika mezani kwangu mwezi huu kuhusu redio za pikapu ni nyingi kuliko zile za injini na giaboksi zikijumlishwa. Nimechagua tano, na ya kwanza nitaijibu kwa urefu, kwa sababu mambo yaliyomo yanawahusu karibu wote walioandika.

*Ndugu Mhariri, ninamiliki pikapu aina ya Toyota Hilux ya mwaka 1994 yenye kabini moja, ambayo hubebea mazao yangu kutoka shambani Kilolo hadi Iringa mjini. Redio yake ya kaseti iliyotoka nayo kiwandani bado inawaka, lakini sauti ni hafifu na inakwaruza nikiongeza kidogo tu, na spika ya kushoto hunyamaza gari linapopita kwenye mashimo. Duka moja limenishauri ninunue redio ya skrini kubwa yenye wati 200, na fundi wa hapo amesema atakata nyaya za zamani na kuunganisha mpya kwa muda wa nusu saa. Je, nikubali? — Mkulima, Iringa*

Ndugu Mkulima, ninakusihi usikubali, hasa hilo la kukata nyaya. Dalili ulizozieleza ni mbili, na hakuna hata moja inayoelekeza kidole kwenye redio kwanza. Spika inayonyamaza gari linaporuka ina waya unaogusa na kuachia, na mara nyingi mahali penyewe ni pale waya unapovuka kutoka kwenye nguzo ya gari kuingia mlangoni. Mlango wa gari la mwaka 1994 umekwisha kufunguliwa na kufungwa mara maelfu, na shaba iliyo ndani hukatika huku mpira wa nje ukionekana mzima kabisa. Sauti inayokwaruza ikiwa ingali chini nayo kwa kawaida hutoka kwenye spika yenyewe: koni ya karatasi hukauka, ukingo wa sponji unaoishikilia huoza, na vumbi la barabara ya udongo hujipenyeza hadi kwenye koili iliyo katikati ya sumaku. Ukifunga redio ya bei kubwa juu ya spika za namna hiyo, utakuwa umelipia skrini na kukwaruza kutabaki palepale.

Kwa hiyo kazi ianzie mlangoni, wala haihitaji fundi bingwa. Mpini wa kuzungushia kioo katika Hilux za miaka hiyo haufungwi kwa skrubu bali kwa kibanio chembamba cha chuma chenye umbo linalokaribia duara lisilofunga, kilichojificha nyuma ya mpini. Chukua kitambaa kikuukuu, kipitishe kati ya mpini na paneli, ukivute kulia na kushoto kama mtu anayeng'arisha kiatu, na kibanio kitachomoka chenyewe. Weka mkono wako wa pili hapo juu, kwa sababu huruka, na kikiangukia majanini utakitafuta mpaka jioni. Baada ya hapo fungua skrubu za kishikio cha mkono, kisha ung'oe paneli taratibu kuanzia chini ili vibanio vya plastiki visivunjike.

Ukiiona spika, ibonyeze koni kwa vidole vinne vilivyotandazwa sawasawa kuizunguka. Iliyo nzima huingia na kurudi kimya kimya, na iliyokufa hutoa sauti ya kukwangua kama mchanga juu ya sufuria. Kisha ichomoe spika kwenye waya wa redio na uguse ncha zake kwa betri ndogo ya tochi ya volti 1.5. Utasikia mlio mfupi, na koni itaruka nje au ndani. Ikiruka nje, ncha iliyoshika upande chanya wa betri ndiyo chanya ya spika, na uitie alama. Spika mbili zikiunganishwa kinyume, moja ikisukuma wakati nyingine inavuta, besi hupotea kabisa hata kama kila moja peke yake ni nzuri. Nimekutana na magari kadhaa ambayo wenyewe walikuwa wamekwisha kununua spika mpya mara mbili, na tatizo lilikuwa ni nyaya mbili zilizopishana.

Ukinunua spika mpya, peleka ya zamani dukani uilinganishe kwa mkono, yaani upana wa tundu, nafasi za skrubu, na zaidi ya yote kina cha sumaku, kwani kioo kinaposhuka hupita karibu sana na mgongo wa spika. Chagua yenye koni ya plastiki badala ya karatasi, kwa kuwa ndani ya mlango huingia maji kila mvua inaponyesha, na hilo si kasoro, kwani maji hayo yametengenezewa matundu ya kutokea chini ya mlango. Karatasi ya nailoni iliyobandikwa nyuma ya paneli ndiyo inayozuia maji hayo yasilowanishe paneli na sakafu. Mafundi wengi huichana na kuitupa. Irudishe, na kama imechanika weka nailoni nzito mpya.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi, nalo ni kwamba mlango wenyewe ni sehemu ya spika. Koni inaposukuma hewa mbele, huivuta nyuma kwa wakati huohuo, na hewa ya nyuma ikipata mwanya wa kukutana na ya mbele, sauti nzito hufutana. Ndiyo maana spika iliyokaa vizuri kwenye bati, ikazungushiwa sponji ili pasiwe na upenyo, na bati la mlango likabandikwa mikeka ya lami ya mpira inayouzwa kwa ajili ya kuzuia mtetemo, hutoa besi ambayo hukuitarajia kutoka kwa redio ileile ya kaseti. Ningekuwa mimi, fedha za kwanza ningeziweka hapo, na ningeziweka bila kusita.

Sasa hizo wati 200. Sanduku huandikwa wati 50 mara njia nne, na hesabu hiyo haiwezekani ndani ya redio ya kawaida. Geuza redio uangalie fyuzi iliyo mgongoni mwake: nyingi zina fyuzi ya ampia 10, na baadhi ya ampia 15. Gari likiwa linaunguruma, umeme wake ni takriban volti 14, na ampia 10 mara volti 14 ni wati 140, ambazo ndizo zote redio inaweza kuzinywa kabla fyuzi haijakatika. Katika hizo, sehemu kubwa hugeuka joto, na nyingine huendesha taa na skrini. Zinazofika kwenye spika moja kwa mfululizo ni kati ya wati 15 na 20 hivi, na kwa kabini moja zinatosha kabisa kama spika na milango vimetengenezwa. Kwa hiyo usinunue spika iliyoandikwa wati 300 ukidhani ni imara zaidi, bali tafuta ile inayotoa sauti kubwa kwa umeme mdogo, ya omu 4, na kwenye maelezo yake kiwango cha usikivu kiwe desibeli 90 au zaidi.

Nimeanza kwa kukusihi kuhusu nyaya, na sasa nieleze sababu. Nyuma ya redio ya Toyota ya wakati huo kuna plagi mbili, moja ya pini 10 na nyingine ya pini 6. Madukani vinauzwa vipande vya waya vyenye plagi zinazoingiliana na zile za gari, kwa bei ndogo kuliko kilo chache za nyama, na kwa kutumia kipande hicho hakuna waya hata mmoja wa gari unaokatwa. Ukikata plagi ya kiwandani, umepoteza njia ya kurudi nyuma: redio ya zamani haiwezi kurudishwa, na fundi wa baadaye atakuta rundo la nyaya zilizosokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu ambayo kwa joto la dashibodi huyeyuka gundi na kufunguka. Gari langu la kwanza lilifanyiwa hivyo na fundi mmoja nikiwa safarini, na miezi sita baadaye waya wa moto usio na fyuzi uligusa bati nyuma ya kisanduku cha glavu. Harufu ile ya mpira unaoungua sijaisahau.

Kipande cha plagi huunganishwa na nyaya za redio mpya mezani, nyumbani, kwa utulivu, kwa risasi ya kulehemu na mpira mwembamba unaosinyaa kwa joto. Kwa redio mpya nyingi rangi ni hizi: njano ni umeme wa kudumu kutoka betri, nyekundu ni umeme unaokuja ufunguo ukizungushwa, nyeusi ni ethi, yaani waya wa kurudisha umeme kwenye bati la gari, buluu ni antena, na buluu yenye mstari mweupe ni ya kuwashia amplifaya, yaani kikuza sauti cha nje. Spika ya mbele kushoto ni nyeupe, ya mbele kulia ni kijivu, ya nyuma kushoto ni kijani na ya nyuma kulia ni zambarau, na kila yenye mstari mweusi ni upande hasi. Upande wa Toyota, buluu yenye mstari wa njano huwa ni umeme wa kudumu, kijivu ni wa ufunguo, na kahawia ni ethi. Hata hivyo, gari lenye umri wa miaka 30 limepitia mikono mingi, kwa hiyo hakikisha kila waya kwa multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, kabla ya kuamini rangi yake.

Tahadhari moja inawahusu wenye magari yaliyotangulia hilo lako, ya miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980. Baadhi ya redio za enzi hizo zilipeleka waya mmoja tu kwenye kila spika, na upande hasi ukarudi kupitia bati la gari. Redio za leo hazikubali hilo hata kidogo, kwa kuwa nyaya zake zote mbili za spika zina umeme, na ukigusisha mmoja na bati unaiunguza redio siku hiyohiyo. Gari la namna hiyo linahitaji nyaya mpya mbili mbili hadi kwenye kila spika.

Kuhusu ukubwa, tundu la redio ya kimo kimoja lina upana wa milimita 180 na urefu wa milimita 50, na la vimo viwili ni milimita 180 kwa 100. Toyota wamekuwa wakitumia sana tundu lenye upana wa milimita 200, ndiyo maana redio ya kawaida huacha nafasi ya sentimita moja kila upande, na kwa hiyo kuna vipande vya plastiki vya kuzibia. Pima lako kwa rula, pamoja na kina chake. Kwa kazi yako ya shamba ningekushauri redio ya kimo kimoja yenye Bluetooth na tundu la flashi, isiyo na mdomo wa CD, kwa sababu mdomo huo ndio njia ya vumbi, na sehemu zinazozunguka ndizo zinazokufa kwanza barabarani. Vitufe vya kubonyeza vinafaa kuliko skrini kwa mtu anayeendesha kwenye makorongo, kwani kidole huvitambua bila macho kuondoka barabarani.

Ukija kutaka besi zaidi, kuna sabufa nyembamba za chini ya kiti zilizo na amplifaya yake ndani, na hiyo inatosha. Waya wake wa umeme utoke moja kwa moja kwenye betri, uwe na fyuzi isiyozidi sentimita 45 kutoka kwenye nguzo ya betri, na upite kwenye mpira palipo na tundu la ukuta wa injini ili bati lisiukwangue. Usiongeze zaidi ya sabufa hiyo. Altaneta, yaani mashine inayochaji betri, ya pikapu ya dizeli ya zamani haikutengenezwa kwa ajili ya muziki wa harusini, na katika injini nyingi za dizeli za Toyota za familia ya L pampu ya kuvuta hewa inayosaidia breki imefungwa mgongoni mwa altaneta hiyohiyo, hivyo kuiunguza kunagusa jambo kubwa kuliko nyimbo.

*Bwana Mhariri, nimenunua pikapu ya Nissan iliyotoka Japani miaka mingi iliyopita. Redio yake haishiki zaidi ya vituo viwili au vitatu vya FM, ilhali simu yangu ya mkononi inashika vituo vyote. Fundi anasema antena imekufa. — Mwalimu, Machakos*

Mwalimu, antena yako huenda ni nzima. Nchini Japani masafa ya FM yaliwekwa kati ya megahertzi 76 na 90, na huku kwetu vituo vinarusha kati ya 87.5 na 108. Redio yako inaishia pale ambapo zetu ndiyo kwanza zinaanza, na hivyo vituo viwili vitatu unavyovishika ni vile vilivyo chini ya 90.

Watu wengi huweka kisanduku kidogo kati ya antena na redio ambacho hushusha masafa yote kwa kiasi maalumu, mara nyingi 18 au 20. Kifaa hicho kinafanya kazi, na ni rahisi, lakini lazima ujue kasoro zake. Namba inayoonekana haitakuwa ya kweli: Capital FM ya Nairobi inayorusha kwenye 98.4 utaipata kwenye 80.4 ikiwa kifaa ni cha 18, na hivyo itabidi ujifunze kutoa kichwani. Baya zaidi ni kwamba kituo chenye nguvu kilicho chini ya 90 huweza kupenya bila kushushwa na kukaa juu ya kingine. Mathalani kinachorusha kwenye 88.5 kitapigana na kile cha 106.5, kwa kuwa 106.5 ukitoa 18 ni 88.5. Hicho ndicho chanzo cha vituo viwili kuongea kwa pamoja, jambo ambalo wengi hulilaumu hali ya hewa.

Kwa maoni yangu, redio mpya ya bei ya kawaida iliyotengenezwa kwa masafa yetu ni suluhisho bora kuliko kisanduku hicho. Utakapoibadilisha, ikague pia antena kwenye kitako chake, kwani kutu inayokata mgusano kati ya kitako na bati hupunguza usikivu sana. Isugue kwa msasa mpaka bati ling'ae, kisha uipake grisi kidogo. Na kama gari lako lina antena ya kupanda kwa mota au yenye kikuza mawimbi, waya wa buluu wa redio ni lazima uunganishwe nayo, la sivyo utakuwa na redio mpya isiyoshika kitu.

*Mheshimiwa Mhariri, parokia yetu ina pikapu ya Land Cruiser ya zamani yenye betri mbili. Tulifunga redio mpya ikaungua papo hapo kwa moshi. Fundi mwingine sasa anataka kuchukua umeme kwenye betri moja tu. Je, ni sawa? — Katibu, Kigoma*

Katibu mpendwa, hapana. Kuwa na betri mbili hakusemi lolote mpaka upime. Zipo Land Cruiser zenye betri mbili zilizounganishwa sambamba, chanya kwa chanya, ambazo umeme wake ni volti 12. Zipo zilizounganishwa kwa kufuatana, zikatoa volti 24 kwa gari zima. Na zipo nyingine zinazotumia volti 24 wakati wa kuwasha stata tu, kisha mambo mengine yote yakabaki kwenye volti 12. Weka multimita kwenye waya utakaoipa redio umeme, siyo kwenye betri, huku ufunguo ukiwa umezungushwa na kisha injini ikiwa inaunguruma. Ukisoma 24 hadi 28, moshi wenu umeeleweka.

Kuchukua volti 12 kutoka betri moja kati ya mbili zilizofuatana kutaiwasha redio vizuri, na ndiyo maana njia hiyo inapendwa. Lakini altaneta huzichaji betri zote mbili kama kitu kimoja na haijui kwamba moja inanyonywa pembeni. Ile inayonyonywa haijai kamwe, na mwenzake hupokea umeme kupita kiasi mpaka maji yake yakauke, na baada ya miezi kadhaa mtanunua betri mbili. Nunueni kifaa cha kushusha volti 24 kuwa 12, chenye uwezo wa ampia 15 au 20 za mfululizo, mkifunge kwenye bati linaloweza kupoa, mbali na kipasha joto, na kiwe kinawashwa na ufunguo ili kisibaki kikila betri usiku. Wenye Canter na malori mengine madogo ya volti 24 nao wafanye vivyo hivyo.

*Shikamoo fundi. Mimi ni kijana ninayeanza kazi ya kufunga redio. Katika pikapu ya mteja kuna mlio kama wa nzi unaopanda kadiri injini inavyokanyagwa mafuta. Nimebadilisha redio mara mbili bila mafanikio. — Kijana wa gereji, Tanga*

Marahaba mwanangu, na nimefurahi kwamba umeuliza kabla ya kubadilisha ya tatu. Mlio unaopanda na injini ni wa altaneta, na swali ni umepitia mlango gani kuingia kwenye sauti. Usibadilishe kitu, anza kuzifunga njia moja moja.

Injini ikiwa inaunguruma, punguza sauti ya redio mpaka sifuri. Kama mlio unabaki vilevile, unaingia baada ya kidhibiti sauti, yaani kwenye amplifaya ya nje au kwenye nyaya za spika zilizolazwa pamoja na waya mnene wa umeme. Kama unapungua pamoja na sauti, unaingia kabla yake. Hapo chomoa antena: mlio ukikoma, ethi ya antena au kitako chake ndicho chenye shida. Ukiendelea, mwulize mteja kama simu yake imechomekwa kwenye chaja ya gari na wakati huohuo imeunganishwa na redio kwa waya wa sauti. Chomoa chaja. Nimeona mara nyingi mlio ukikatika hapo hapo, kwa sababu simu ilikuwa imepata ethi kwa njia mbili zisizolingana, na umeme mdogo unaotembea kati ya njia hizo ndio unaosikika. Kwa hali hiyo mteja atumie Bluetooth, au aweke kitenganishi kidogo cha ethi kwenye waya wa sauti.

Kama bado upo, itazame ethi ya redio yenyewe. Waya mweusi uliofungwa kwenye skrubu ya plastiki au kwenye bati lenye rangi si ethi hata kama redio inawaka. Kwangua rangi, funga kwa boliti, halafu upime kati ya waya huo na nguzo hasi ya betri, injini ikiunguruma na redio ikipiga. Usomaji ukipita sehemu ndogo tu ya volti moja, kuna mahali umeme unapata shida, na mara nyingi ni ule waya mnene wa kutoka betri hadi kwenye bodi, uliooza kwa chumvi ya bahari kama ilivyo kwa magari mengi ya kwenu huko pwani. Mwisho kabisa ndipo ushuku diodi za altaneta. Ikiwa taa za mbele nazo zinatetemeka kidogo na betri inachoka, mpeleke mteja kwa fundi wa altaneta, na umwambie wazi kwamba ugonjwa haukuwa kwenye redio.

*Mpendwa Mhariri, marehemu baba ametuachia pikapu ya Datsun pamoja na sanduku la kaseti za taarab. Ndugu zangu wanataka redio ya kisasa yenye skrini, mimi nataka kaseti za baba ziendelee kulia. Pia nasikia skrini hizo humaliza betri, na gari letu hukaa wiki nzima bila kutembea. — Binti, Zanzibar*

Dada yangu, pole kwa msiba, na ninaelewa kwa nini hutaki redio hiyo iguswe. Kwa kweli mnaweza kuwa na vyote viwili. Kuna vifaa vidogo vya Bluetooth vyenye amplifaya ndani, visivyo na sura ya kuonekana, vinavyofichwa chini ya dashibodi na kuongozwa kwa simu. Kifungwe hicho na kipewe spika zake peke yake, au kiwekewe swichi ya kuhamisha spika, kwani redio mbili zisiunganishwe kamwe kwenye spika moja kwa wakati mmoja. Msipotaka gharama hiyo, kuna kitumaji sauti cha FM kinachochomekwa kwenye kiwashio cha sigara. Ikiwa redio ya Datsun hiyo ni ya masafa ya Japani, kipangeni kati ya 87.5 na 90, mahali pasipo na kituo, la sivyo haitakisikia.

Kuhusu betri, hofu yako ina msingi. Redio ya kawaida iliyozimwa hunywa umeme kidogo mno wa kutunza kumbukumbu zake, lakini skrini nyingi za Android huwa hazilali kikamilifu. Tuseme moja inanyonya milliampia 300 ikiwa imezimwa: kwa saa 24 ni ampia-saa 7.2, na kwa siku saba ni zaidi ya 50, jambo linaloweza kuiacha betri ya ampia-saa 70 bila nguvu ya kuzungusha stata. Hali huwa mbaya zaidi fundi akiunganisha waya wa njano na mwekundu pamoja kwa uvivu wa kutafuta umeme wa ufunguo. Wakifunga skrini, wapime unyonyaji huo kwa multimita iliyopitishwa kati ya nguzo hasi na waya wake, kila kitu kikiwa kimezimwa na milango imefungwa, na wasubiri angalau nusu saa kabla ya kusoma, kwani baadhi ya skrini huchelewa kulala. Kwa gari zima la umri huo, usomaji usizidi milliampia 50.

Na kaseti za baba, kabla ya kuzipiga, zungusha kila moja kwa kalamu mwanzo hadi mwisho ili utepe ulioganda uachane, kisha usafishe kichwa cha redio na kile kigurudumu cha mpira kwa pamba iliyochovywa spiriti safi, usubiri ikauke. Sauti ikivutika na kushuka kama mtu anayesinzia, mkanda wa mpira ulio ndani umelegea, na fundi wa redio za majumbani anaweza kuubadilisha. Anza kwa kaseti usiyoithamini sana, na nzuri zaidi usiziweke ndani mpaka umesikia ile imepita pande zote mbili bila kutafunwa.